Anayetaka Kunisalimu Anisindikize

Ninyi mnaoingia katika kazi ya fiziotherapia siku hizi mna saa za mkononi zinazosoma mapigo ya moyo. Sizichukii. Mjukuu wangu alinivalisha moja nilipostaafu, nikaenda nayo mazikoni, na katikati ya mahubiri ikaanza kunitetemeka mkononi ikinitaka nisimame nitembeetembee. Nikaivua. Ipo kwenye kabati la vyombo hapa nyumbani Kijenge, na moyo wangu unaendelea kupiga bila msimamizi.

Kwa miaka mingi niliwatembeza watu waliopata shambulio la moyo. Kazi yenyewe ukiieleza haina maajabu. Sehemu ya moyo wa mtu imekosa damu ikaumia, daktari amefanya yake, dawa anameza, na sasa anatakiwa kurudi kutembea, kupanda ngazi na kubeba ndoo, kidogo kidogo, mpaka moyo uzoee tena kazi. Ndugu zangu walikuwa wakiniuliza kama ni kweli nilikaa chuoni nikisomea kutembea. Nikawajibu kwamba wapo wanaosomea kuongea, na hakuna anayewacheka.

Aliyenifundisha nusu ya ninachokijua ni Bwana Lotha, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima wetu, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa koti jeupe kama aliyeazimwa. Siku zangu za mwanzo alinikuta nimesimama na mgonjwa kwenye korido, mzee mmoja mfugaji, namuuliza, "Baba, umechoka?" Mzee akajibu hajachoka. Nikamuuliza tena baada ya hatua chache, akajibu vilevile, huku jasho linamtiririka na midomo imebadilika rangi. Bwana Lotha akamkalisha kwenye benchi taratibu, akanivuta pembeni.

"Mwanamume wa huku usimuulize kama amechoka," akaniambia. "Atasema hapana mpaka aanguke. Muulize habari za ng'ombe."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Mfugaji ukimuuliza habari za ng'ombe wake hajibu kwa neno moja. Atakuambia yule mwekundu amezaa, yule mwenye pembe moja anasumbua, majani yamekauka, jirani ana ndama anayefanana na dume lake na hilo jambo linahitaji kikao. Ukisikia anatiririka vizuri na huku anatembea, mwendo unamfaa. Akianza kukuimbia wimbo, mwendo ni mdogo mno, mwongezee. Lakini akisema "wazima" akanyamaza, punguza mwendo mara moja, kwa sababu hakuna mfugaji ambaye ng'ombe wake ni "wazima" tu. Kwa mama muuzaji wa soko la Kwa Mrombo unauliza bei ya nyanya. Kwa fundi unauliza kuhusu wateja. Kila mtu ana ng'ombe wake, kazi yako ni kuwajua.

Msidhani tulianza na hekima hiyo. Nilipoingia kazini, aliyepata shambulio la moyo alilazwa kitandani kama yai. Haruhusiwi kuoga mwenyewe, haruhusiwi kunyoosha mkono kuchukua kikombe. Akija kuruhusiwa kusimama, miguu imekuwa ya mtoto na roho imejaa woga. Mambo yalipobadilika, tukaambiwa tuwainue mapema, wapo wauguzi waliotuona wauaji. Siwalaumu, woga wa moyo ni wa haki, mguu ukivunjika unabaki na mwingine.

Wodi mliyoizoea ndiyo sehemu rahisi. Shida iko nyumbani. Huku kwetu mgonjwa ni mgeni wa heshima: hainuki, hatumwi, haachwi peke yake. Watu wanakuja kumpa pole na kila mmoja amebeba chungu. Nimefika nyumba za watu nikakuta mtori wa ndizi na nyama una tabaka la mafuta unaloweza kujitazamia uso, na mgonjwa wangu anatia kijiko huku ananiangalia kwa jicho la mwizi. Ukiwagombeza wapishi umekosea. Mimi nilikuwa naomba nionjeshwe, nasifu, halafu nauliza kama mtori wa aina hii haupikwi bila mafuta, kwa kuwa nimesikia wapishi hodari wanaweza. Mara nyingi ilifanya kazi. Pale ambapo hawakuniamini, walinikabidhi sufuria nipike mwenyewe.

Na msidanganywe na vifaa. Kuna mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi pale mjini, familia yao ya Kihindi iko Arusha tangu enzi za babu yake, alinunua mashine ya kukimbilia iliyokuwa na taa kama ndege. Nilipomtembelea nikaikuta imeanikwa mashuka. Nikamwambia aiache hivyohivyo, mashuka nayo yanahitaji pa kukauka, ila kila asubuhi kabla ya kufungua duka auzunguke mtaa wake kwa miguu. Alikuwa mtu wa hesabu, akakubali alipoona njia hailipiwi umeme.

Lakini ninayetaka kuwasimulia ni Mwalimu Anaeli.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Mmeru, nyumba yake iko juu kidogo ya Kikatiti, unapoiacha lami kuelekea mlimani. Shambulio lilimpata nje ya kanisa, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, akipandisha bei ya jogoo. Alishika kifua akakaa chini. Waliokuwepo walidhani ameshtushwa na bei. Mke wake, Mama Neema, ndiye pekee aliyeuona uso wake sawasawa, akapiga kelele, na wakampata mwenye gari. Huyo mama ndiye aliyemwokoa. Liwekeni hilo moyoni kabla sijaanza kumsema.

Mwalimu alipotoka hospitali, Mama Neema alimwekea kiti barazani, blanketi magotini, na hakutaka anyanyue hata birika. Kliniki aliletwa, kwa kuwa daktari alisema aletwe, lakini nikimuuliza swali anajibu mkewe. Umelalaje, Mwalimu? "Amelala vizuri." Mazoezi? "Anatembea kila asubuhi, saa nzima." Mwalimu anatikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi aliyejibiwa na kiranja.

Saa nzima ya kutembea kila asubuhi, na mtu hasogei mbele! Akipanda ngazi chache za kliniki anahema vilevile kama mwezi uliopita. Daktari alimpima tena, akasema moyo hauna tatizo jipya. Nikaona bora nikaone mwenyewe. Jumamosi moja nikapanda gari hadi Kikatiti, nikapanda kwa miguu hadi kwake, nikamwambia tutembee kama anavyotembea siku zote.

Tukatoka getini. Hatujafika mbali mama mmoja akatua kuni zake. "Shikamoo, Mwalimu." Mwalimu akasimama, akavua kofia. Marahaba, za nyumbani, watoto, yule wa Dar, mguu wa baba yao, kahawa imechanuaje. Tukaendelea. Geti la pili, mzee mwenzake, hapo zikaanza salamu za Kimeru ambazo sikuelewa lakini niliweza kukaa kwenye jiwe zikiendelea. Geti la tatu tukaletewa viti. Huyu mtu alifundisha nusu ya kijiji, na mzee wa heshima hapiti mbele ya mtu akiwa anatembea. Saa nzima ilikuwa ya kweli kabisa. Kutembea kwenyewe ndani yake kungetosha kwenda chooni na kurudi.

Nilicheka mpaka Mwalimu naye akacheka. Nikamweleza kwamba moyo unataka mwendo usiokatika: uanze polepole, uongezeke, ukae hapo, halafu ushuke polepole. Ukisimama kila mahali ni kama kuchemsha maharage kwa kuwasha na kuzima moto.

"Sasa niwapite watu bila salamu?" akauliza. "Watasema ugonjwa umempanda kichwani."

Nikamwambia hilo ni la kwake, mimi si wa huku. Akafikiri kidogo. Kesho yake, nilivyosimuliwa, alitoka getini, na wa kwanza alipotua mzigo yeye hakusimama. Akasema kwa ile sauti yake ya paredi ya shule, "Marahaba! Daktari amenikataza kusimama. Anayetaka kunisalimu anisindikize!"

Kusindikiza watu wanajua. Mgeni akiaga unamsindikiza, tena mbali. Kwa hiyo wakamsindikiza. Nilipofika tena Jumamosi iliyofuata nikakuta Mwalimu yuko mbele na mkia wa wazee nyuma, wengine na bakora, wote wanaongea kwa pamoja, na mmoja akanilalamikia kwamba tangu Mwalimu augue yeye hapati usingizi wa mchana. Nikamwambia magoti yake yatanishukuru. Akasema magoti yake hayanijui.

Mwalimu akaanza kupata nguvu. Basi siku moja tukiwa tunatembea, na wazee wamebaki nyuma, nikamuuliza swali la Bwana Lotha: habari za ng'ombe?

"Sijawaona," akasema.

Nikapunguza mwendo, nikamtazama rangi, nikamsikiliza pumzi. Hakuwa amechoka. Alikuwa na huzuni.

Ng'ombe wake wawili walikuwa juu mlimani kwa mama yake. Bibi huyo alikuwa mzee sana, anaishi na mdogo wake Mwalimu, mahali ambapo gari linaishia mbali na bodaboda haivuki kijito. Kila wiki, tangu alipostaafu, Mwalimu alipanda kumwona. Alipougua, familia ilikaa ikaamua bibi asiambiwe. Mnaijua desturi hiyo: mzee haambiwi habari mbaya, zitamuua. Wakamwambia Anaeli amesafiri, yuko Dodoma kwa binti yake Neema.

Wiki ya kwanza bibi alinyamaza. Baadaye akasema, "Anaeli hajawahi kusafiri bila kuniaga." Wakampigia simu asikie sauti, lakini masikio yake yalikuwa mazito na simu kwake ni mlio wa mbu tu. Wakamwonyesha picha. Akasema picha hata marehemu anayo. Halafu akaacha kula. Alimwambia yule mdogo, bila kulia, "Mmemzika mwanangu mmenificha." Sasa alikuwa anakunywa uji kidogo kwa kulazimishwa, na anazidi kuisha.

"Nimewaambia wakamwambie ukweli," Mwalimu akaniambia. "Wamemwambia. Haamini. Mtu akishakudanganya mara moja, ukweli wake unauona ni uongo wa pili."

"Na wakikubeba?"

"Mtu anayebebwa kupandishwa mlimani kwetu anapelekwa kuzikwa. Akiniona kwenye machela, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu." Akatazama juu mlimani. "Nifikishe kwa mama, dada. Kwa miguu yangu. Nikishafika, mengine basi."

Nimefanya kazi hii muda mrefu na sikupenda kulia na wagonjwa, kwa sababu anayelia hawezi kusikiliza pumzi. Siku ile nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Mama Neema alikataa. Alikataa wazi, akiwa amesimama mlangoni. "Wewe hukumwona alivyokaa chini pale kanisani. Mimi nilimwona. Akifia kwenye ule mlima nitamwambia nini Neema? Kwamba nilimfungulia geti?"

 Nilimwambia kwamba daktari atampima kwanza, na asiporuhusu hatuendi. Kwamba hatapanda mlima wote siku moja, tutaupanda kwa vipande. Akasema fanyeni vipande vyenu. Alikuwa na woga, na mimi nilikuwa nao kidogo pia, mjue hilo.

Daktari alimpima, akaruhusu. Tukaanza. Kwanza kutoka getini hadi kanisani, panapopanda kidogo. Alipopazoea, hadi kwenye tangi la maji. Alipozoea tangi, hadi kijitoni. Mlima una adabu zake: hatua fupi, unyayo ukanyage wote, toa pumzi unapojiinua, na pumzika kabla hujachoka, ukiwa umesimama, si kwa kujitupa chini. Usipande ukiwa umeshiba. Kidonge cha chini ya ulimi kiwe kwenye mfuko wa shati, si nyumbani kwenye droo. Kifua kikibana, jasho baridi, kizunguzungu, maumivu yakienda mkononi au tayani, safari imekwisha, hata kama nyumba unaiona. Nilimrudisha mara moja kutoka tangini kwa sababu sikupenda rangi yake siku ile, na sikumwomba radhi. Aliniita mkoloni. Nikamwambia ndiyo.

Huku habari za juu zinakuja: bibi amekataa hata uji. Mwalimu akataka tuharakishe. Hapo ndipo kazi hii inapokuwa ngumu, wanangu, kwa sababu moyo hausikii habari. Unazoea kwa kasi yake. Nilimkatalia, akakaa siku mbili hasemi na mimi, lakini kutembea akatembea.

Siku ya kupanda ilikuwa ya ukavu, asubuhi, mlima umejitokeza wote. Wazee walitaka kutusindikiza, nikawazuia kijitoni. Nyuma yetu alikuja Mama Neema na chupa ya chai, khanga kiunoni, hasemi. Sikujua kama amekuja kumwona akifika au kumwona akianguka. Nadhani hata yeye hakujua.

Katikati ya mwinuko mkali kabisa nikamuuliza Mwalimu kuhusu darasa lake la kwanza kufundisha. Huwa ni hadithi ndefu yenye kengele iliyopotea. Akasema, "Zuri."

Nikamsimamisha. Akaegemea mti.

"Turudi," Mama Neema akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika siku ile. "Jamani, turudi. Mwangalieni."

Nilimwangalia. Kifua? Hakimbani. Mkono, taya? Hapana. Jasho lake lilikuwa la moto, la kazi. Nikashika mapigo kwa vidole, kama tulivyofundishwa, nikasubiri yateremke. Yakateremka vizuri.  Baada ya muda Mwalimu akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Kengele yenyewe, kumbe mwalimu mkuu alikuwa ameiuza," na nikajua tunaweza kuendelea. Mama Neema alitangulia kunitazama, kisha akamtazama yeye, akajifunga khanga upya, akapanda.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, kitenge kimemzidi mwili. Mwalimu alisimama kwanza nyuma ya uzio mpaka pumzi ikatulia, hilo nililishurutisha, halafu akaingia kwa mwendo wake wa kawaida.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakupiga kelele wala hakuinuka. Alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. Akamshika mkono, akaugeuza, akautazama kiganja.

"Umekonda," akasema.

"Niliumwa, mama. Moyo. Nimepona."

"Walisema uko Dodoma. Dodoma ndiko wanakomkondesha mtu hivi?"

Mdogo wake Mwalimu akaangalia chini. Bibi akamwagiza uji. Ulipoletwa, akakinywa kikombe chote huku ameushikilia mkono wa mwanawe, akaomba kingine. Machozi yalimtoka Mwalimu na hakuyafuta. Tukakaa, tukapumzika sana, chai ya Mama Neema ikanywewa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuipanga safari ya kushuka kichwani, maana kushuka nako kuna yake.

Ndipo bibi akasema, "Mgomba wa nyuma ya jiko umelala na mkungu wake. Kausimamishe."

"Nitausimamisha mimi, mama," mdogo akadakia.

"Nimemwambia Anaeli."

Wote wakanigeukia mimi. Kwa miezi yote ile hakuna mtu aliyemtuma Mwalimu kitu. Nilimtazama: pumzi tulivu, rangi nzuri, amepumzika, hajashiba. Mti wa kuegemeza mgomba si mzigo mkubwa. Nikamwambia neno moja tu, "Usibane pumzi. Ukisukuma, toa hewa."

Mama Neema akainuka. Nilidhani anakwenda kumzuia, na mdogo mtu alidhani hivyo pia, akampisha. Akaenda hadi ukutani kwa jiko, akachagua mti wenye panda, akaupima kwa mikono yake, akauacha, akachukua mwepesi zaidi, akampa mume wake. Kisha akaja akakaa chini karibu na bibi, akaupa mgongo upande wa mgomba, pindo la khanga mdomoni.

"Mniambie akimaliza," akasema.

Tukasikia majani yanachakarika, na Mwalimu anatoa hewa kwa nguvu, kwa utii kabisa. Halafu kukawa kimya. Mama Neema akafumba macho. Bibi akachungulia pembeni yake, akamgusa begani.

"Geuka," akamwambia. "Ameshamaliza. Sasa anangoja kusifiwa."